Kabla ya kunyanyua gari, tazama difu ilipo

KILA masika yanapokaribia, gereji za Tanga huwa kama dirisha dogo la usajili. Mwenye Prado anataka springi ndefu, mwenye Escudo anataka spesa, mwenye Land Cruiser mkonga anataka matairi makubwa kuliko ya jirani. Fundi anapiga hesabu, pesa zinatoka, gari linashuka kwenye jeki likiwa juu kama beki wa kati anayesubiri kona. Picha inapigwa, inatumwa kwa washkaji. Kazi imekwisha.

Haijaisha. Gari hilo hilo likivuka maji kutoka Pangani kwenda Bweni, likashika njia ya Mwera na kuendelea Mkwaja hadi upande wa Saadani, hapo ndipo mechi inapoanza. Na udongo wa huko hauangalii picha.

Ugonjwa wa usajili huu ni ule ule wa klabu zetu: watu wananunua jina na kimo, hawanunui kinachokosekana kikosini. Mwaka 2016 Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zote zilishuka daraja kwa mpigo, na hakuna aliyesikika akisema shida ilikuwa wachezaji wafupi.

Kuna jambo ambalo mteja haambiwi mara nyingi. Gari lenye ekseli nzima, kama mkonga au Land Rover ya zamani, ukiliwekea springi za kulipandisha inchi 2 au hata inchi 4, kinachopanda ni chasi na bodi. Difu haipandi hata unywele. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imebebwa na magurudumu, na kinachoweza kuiinua kutoka chini ni tairi tu. Tena tairi yenyewe inatoa nusu. Ukitoka kwenye 265/70R16, yenye kimo cha kama inchi 30.6, ukapanda hadi 285/75R16 yenye kama inchi 32.8, umelipia inchi 2.2 lakini difu imepanda inchi 1.1. Basi. Ndiyo maana unaweza kuliona gari refu kama ghorofa limelala na difu juu ya tuta, katikati ya mifereji iliyochimbwa na malori, magurudumu yanazunguka bure, huku mzee mmoja na pikapu yake ya kawaida anapita pembeni taratibu na kupiga honi ya salamu.

Springi zina kazi yake, si pambo. Zinaipa tairi kubwa nafasi isikwangue bodi, zinaokoa bampa kwenye mteremko wa kivuko, zinazuia gari kukaa chini likipakia mzigo. Kwa safari za Mwera, inchi 2 zinatosha kabisa, na shokapu ziwe za urefu unaoendana nazo. Ukizidisha hapo, bili zinaanza kufuatana kama kadi za njano. Propela inakaa pembe mbaya na kutetemeka. Joiti za ekseli za mbele zinaisha mapema kwa gari kama Prado. Stelingi inakuwa nyepesi, gari linatangatanga njiani. Mipira ya breki inavutika. Fundi wa kweli atayataja haya kabla ya kutaja bei. Anayesema "haina shida, bosi" aachwe na bajaji zake.

Tairi kubwa nayo ina deni. Kwa mfano ule ule wa juu, gurudumu limekua kwa kama asilimia 7. Spidimita ikisoma 80, gari liko kwenye 86 hivi. Injini inaona gia zimekuwa ndefu, mafuta yanaliwa, na breki ni zile zile za kiwandani zikisimamisha gurudumu zito zaidi.

Halafu kuna imani kwamba tairi pana ni dawa ya kila kitu. Kwenye mchanga wa Ushongo, sawa, upana unasaidia, ingawa kupunguza upepo hadi psi 18 au 20 kunasaidia zaidi na hakugharimu kitu, mradi uwe na pampu ya kujaza tena ukirudi njia ngumu. Kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake, tairi pana huelea na kuteleza. Nyembamba kama 235/85R16 hukata tope na kushika chini. Zile 7.50R16 za mkonga zinazochekwa na vijana si ushamba, zilichaguliwa na watu waliojua kazi. Na udongo mweusi ukilowa sawasawa, hakuna tairi ya dukani wala springi ya Australia. Dawa ni kusubiri jua.

Wapenzi wa mbio za magari wana kumbukumbu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilimpa ubingwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, mwaka 1966 na tena 1967. Gari? Peugeot 404, saluni inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1968 mvua ilipozidi, magari 7 tu yalimaliza, na la kwanza lilikuwa 404 nyingine, ya Nick Nowicki. Ushindi ule ulitoka kwenye uimara wa gari na akili ya dereva.

Wapo watakaotaja Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza 1989, ambako magari yenye matairi ya kutisha hupanda mawe. Ni kweli. Lakini kule mshindi ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na magari yana fremu za chuma za kulinda waliomo likipinduka. Gari la Mwera linabeba wanafunzi, magunia ya nazi, timu nzima ya kata nyuma ya pikapu, na usiku mwingine mama mjamzito anayewahishwa hospitali Pangani. Kila inchi ya kimo inapandisha uzito juu, na gari la aina hiyo kwenye kona ni jambo jingine. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ikikamilika, mwendo utaongezeka, na gari lililonyanyuliwa inchi 4 kwa ajili ya tope litakuwa linakimbizwa 100 kwenye lami.

Kwa hiyo mwenye pesa za kitu kimoja aanze na matairi, ya saizi ya kiwandani au hatua moja juu, yenye meno ya wastani. Shokapu zifuate. Springi zije mwisho, kama mzigo unazidai. Na matairi yanunuliwe matano. Wengi wananunua manne, ya akiba inabaki ile ndogo ya zamani, halafu pancha inatokea katikati ya Mkwaja na gari la fowili linarudi na tairi moja fupi, difu ikisagika njia nzima.