Baruti za sikukuu na viumbe vilivyo katika dhamana yetu

Kila ikaribiapo sikukuu, Darajani hufurika watu, na pamoja na nguo na viatu vya watoto hununuliwa pia baruti. Usiku wa mkesha wa Idi vichochoro vya Mji Mkongwe huanza kulia. Hizo ni za watoto. Wakubwa nao wana zao: fashifashi za usiku wa kuamkia 12 Januari, kumbukumbu ya Mapinduzi ya 1964, na zile za mahoteli ya pwani, Nungwi na kwengineko, saa sita ya usiku wa mwaka mpya wa miladi. Leo hatukusudii kujadili sherehe zenyewe, wala fedha zinazoteketea humo, ingawa hilo nalo lina siku yake. Tunakusudia kumsemea asiyeweza kusema.

Sikio la mwanadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. La paka hupindukia 60,000. Mshindo unaotufanya sisi tushituke kidogo kisha tucheke, humfikia yeye kwa ukali tusioujua, tena katika vichochoro vyembamba ambamo kuta za mawe huurudisha mlio. Wala hana habari kwamba ni sikukuu. Hutetemeka, huacha kula, hujikojolea, na akipata upenyo hukimbia asijue aendako.

Wako watakaosema kuwa paka hakupigwa wala hakunyimwa chakula, basi kosa liko wapi? Tuirejee hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya ndege aliyehangaika baada ya masahaba kuchukua makinda yake safarini. Ndege yule mwenyewe hakuguswa. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemsononesha, na akaamuru makinda yarejeshwe. Majonzi na khofu ya kiumbe, peke yake, vilitosha kuhesabiwa kuwa ni dhulma.

Mkesha wa Idi mmoja tulishuhudia watoto wakirusha baruti chini ya baraza alipokuwa amelala paka na wanawe watatu. Mama alitoka na mmoja mdomoni. Wawili walibaki pale, na watu wazima waliokuwa wakinywa kahawa hatua chache tu walicheka. Sisi tulikuwa miongoni mwao, na hatukusema neno.

Lililo zito zaidi ni la Idi ya kuchinja. Mbuzi hufungwa uani siku mbili tatu, na usiku wa mwisho hulipuliwa baruti pembezoni mwake huku akijinyonga na kamba. Sisi ambao tumefundishwa kunoa kisu ili mnyama apumzike, tunampeleka machinjoni akiwa amekesha kwa khofu! Na punda na ng'ombe wa magari, huko mashamba, wasifungwe kando ya barabara usiku kama huo, kwani kamba ikikatika huingia njiani mbele ya gari. Kuku nao hurundikana pembeni na kukanyagana. Banda lifunikwe mapema.

Mwenye paka amlishe na kumwingiza ndani kabla ya magharibi, afunge madirisha, na amwekee maji na beseni la mchanga. Nyumba zetu za kale zina vyumba vya ndani na ghala chini ya ngazi. Hapo ndipo pahala pake, pamoja na kikapu chenye kanga kuukuu ya mama wa nyumba, ambayo harufu yake anaijua. Redio yenye sauti ya chini humsaidia. Akijificha asivutwe, akija mwenyewe apapaswe, hilo halimzidishii khofu kama wengine wanavyodhani. Asipewe kabisa panadol wala dawa nyingine za watu. Panadol kwa paka ni sumu, na kidonge kimoja chaweza kumuua. Anayeogopa kupita kiasi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku kadhaa kabla.

Mbwa wa ulinzi naye asisahauliwe. Hukumu ya unajisi wake inahusu nguo na vyombo vyetu, haitupi ruhusa ya kumwacha kwenye mnyororo akilia usiku kucha. Afunguliwe, atiwe ndani ya banda.

Na mzazi anayetoa fedha za sikukuu amuulize mwanawe anakwenda kununua nini. Kama ni baruti, na amchukue kwanza mpaka uani, akamtazame yule mbuzi.