Mtoto mwenye selimundu akiwa mzito darasani

Mama mmoja wa Kimali, Simiyu, ameniuliza kwa ujumbe: mwanawe wa darasa la tatu ana selimundu, hajawahi kupooza, lakini mwalimu anasema siku hizi ni mzito kuelewa. Je, ni uvivu?

Mama, usishike fimbo kwanza. Selimundu inaweza kuumiza ubongo bila mkono wala mguu kulegea. Wataalamu huita kiharusi kimya. Damu inapopungua, oksijeni haifiki ya kutosha, na mara nyingi zinazoumia ni nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Hapo mtoto hufikiri taratibu, husahau, hushindwa kutulia.

Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa London waliwapima watoto wa Kitanzania wenye selimundu kwa MRI, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Kipimo kilifuatilia mwendo wa maji ndani ya nyuzi hizo. Fikiria shamba la pamba baada ya mvua: matuta yakiwa mazima, maji hufuata mfereji, yakibomoka, hutapakaa. Kompyuta ililinganisha ubongo wa watoto wenye ugonjwa na wasio nao, nukta kwa nukta, na hesabu za takwimu zikachuja tofauti za kweli na za bahati tu. Tofauti zilikuwepo, hata pale ambapo picha ya kawaida haikuonyesha kovu.

Lakini usiuze ng'ombe umkimbize mtoto Dar kwa ajili ya kipimo hicho. Hesabu hizo hulinganisha makundi. Bado haziwezi kumwambia mzazi mmoja hali ya mwanawe. (Na akitokea mtu wa kukuuzia "kipimo cha ubongo" mnadani, mpite.)

Kwenye kliniki ya selimundu mweleze daktari hilo la darasani, kwa sababu wazazi wengi hutaja maumivu tu. Uliza kuhusu haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, matokeo yake yakatoka 2019, ulionyesha inapunguza maumivu makali, malaria na hata vifo. Uliza pia kama atapata altrasaundi ya mishipa ya kichwa, inayopima kasi ya damu na kuonyesha mtoto aliye karibu na kiharusi.

Mwalimu naye aambiwe. Mtoto akae mbele, arudiwe maelezo, aruhusiwe kunywa maji.

Mdomo ukipinda ghafla, ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama baba hajarudi kutoka shambani.