Msomi wetu na daftari la mama yake



Katika mwezi wa Ramadhani uliopita tulialikwa kufuturu katika nyumba moja iliyo jirani na msikiti wetu. Mwenye nyumba ni mama mjane anayeendesha duka la mahitaji ya nyumbani: unga, mchele, sukari, mafuta na sabuni. Mwanawe wa kwanza yuko chuoni, mwaka wa pili, akisomea usimamizi wa biashara. Baada ya sala ya Magharibi mazungumzo yaligeukia masomo yake, na kijana akatueleza kwa ufasaha habari za Eneo Huru la Biashara la Afrika: kwamba mkataba wake ulitiwa saini mjini Kigali mwezi Machi 2018, kwamba biashara chini ya mkataba huo ilifunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021, na kwamba sekretarieti yake ipo Accra, nchini Ghana. Tulifurahi kumsikia. Mama yake, aliyekuwa akikusanya vyombo, akasimama kidogo na kuuliza: "Mwanangu, hayo ya Accra nimeyasikia. Sasa niambie, hili duka langu linanipa faida au linanila?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kulifungua daftari la duka lililomlipia ada tangu darasa la kwanza.

Hatusimulii haya ili kumtahayarisha. Tunayasimulia kwa sababu nyumba nyingi za Waislamu zinafanana na hiyo. Tunawapeleka watoto wetu vyuoni wakasomee biashara, uchumi na uongozi, na wao wanarudi na maneno mazuri juu ya ukuaji wa uchumi wa bara letu. Lakini baina ya elimu hiyo na duka la mama, shamba la babu au kibanda cha mjomba, umejengwa ukuta. Mzazi ameujenga upande wake kwa kusema, "Wewe soma kwanza, haya ya dukani hayakuhusu." Mwanafunzi naye ameujenga upande wake kwa kuona kwamba kupima sukari ni kazi ya asiyesoma. Matokeo yake ni msomi asiyeijua biashara na mfanyabiashara asiyefaidika na msomi, wote wawili chini ya paa moja.

Siku iliyofuata, kijana yule aliliomba daftari. Kwa muda wa wiki tatu alikaa dukani baada ya Alasiri, akiandika kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa. Alipomaliza alikuja msikitini kutuonyesha alichokikuta. Mama alikuwa akichukua unga na mafuta ya nyumbani kutoka dukani bila kuandika, kwa hiyo chakula cha familia kilihesabika kama hasara ya biashara. Madeni ya majirani yalikuwa yameandikwa kwenye vipande vya maboksi, na baadhi ya vipande vilikwisha kupotea. Sukari, bidhaa iliyokuwa ikitoka kuliko zote, haikuwa na faida yoyote mara tu nauli ya bodaboda na bei ya mifuko ya kufungia ilipojumlishwa.

Kijana akamshauri mama yake apandishe bei ya sukari. Mama akacheka. "Mwanangu, anayekuja kwa sukari huondoka na majani ya chai na sabuni. Nikipandisha sukari, atakwenda kwa jirani na hivyo vingine atavinunua huko huko." Kijana akarudi kwenye hesabu zake, akakuta kwamba mama amesema kweli: faida ya duka ilikuwa ikiletwa na vile vitu vidogo vinavyonunuliwa pamoja na sukari. Basi bei ya sukari ikaachwa kama ilivyo, lakini madeni yakaanza kuandikwa mahali pamoja, na chakula cha nyumbani kikapangiwa kiwango chake kwa wiki. Mama alipata hesabu, na mwana alipata somo ambalo hakulisikia darasani. Kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu, na nusu zile zilikutana juu ya daftari moja.

Uislamu haukutuachia jambo hili bila mwongozo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni. Humo tumeamrishwa tusichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na anayejua kuandika asikatae kuandika. Msomi wetu ndiye mwandishi huyo. Halikadhalika, Bi Khadija (ra) alimkabidhi Mtume wetu (SAW), akiwa kijana wa takriban miaka ishirini na mitano na kabla ya utume, mali ya biashara ya kupeleka Sham. Hakumpa hotuba juu ya biashara. Alimpa mali halisi, akampa na Maysara wa kufuatana naye, na uaminifu wake ukadhihirika katika kazi yenyewe. Kijana hujulikana kuwa mwaminifu pale anapopewa amana.

Hapa inatubidi tukiri jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Kijana yule, pamoja na wenzake wawili wanaosoma uhasibu, waliiandikia kamati ya msikiti wakiomba kupitia hesabu za fremu za maduka ya wakfu. Wazee walikaribia kukubali. Aliyepinga ni sisi, tulio na dhamana ya ukatibu. Tulisema kwamba mambo ya kamati si ya wanafunzi, na tukajificha nyuma ya neno heshima. Imamu wetu akatukumbusha kisa cha Usama bin Zayd (ra), aliyepewa na Mtume (SAW) uongozi wa jeshi akiwa na umri wa karibu miaka ishirini, ilhali ndani ya jeshi hilo wamo Masahaba wakubwa. Wapo waliounung'unikia ujana wake, na Mtume (SAW) hakuyakubali manung'uniko hayo. Hatukuwa na la kujibu.

Vijana walipofungua vitabu walikuta kodi ya miezi miwili ya fremu moja imepokelewa, risiti imetolewa, lakini haikuingizwa katika daftari la mapato. Mwandiko kwenye risiti ulikuwa wetu. Fedha zenyewe hazikupotea, kwani zilikutwa benki katika akaunti ya msikiti. Lakini mpangaji yule alikuwa amekwisha kuandikiwa barua ya kudaiwa, na alikuwa akipita mbele ya waumini kama mtu asiyelipa haki ya msikiti. Tulimwendea nyumbani kwake kumwomba radhi. Kama si wanafunzi wale, tungeendelea kumdhulumu Mwislamu mwenzetu huku tukijiona walinzi wa mali ya Mwenyezi Mungu.

Tangu siku hiyo tumelielewa suala la uongozi kwa namna nyingine. Vijana wetu wanaambiwa kila mara kuwa wao ni viongozi wa kesho wa Afrika. Maneno hayo ni mazuri, lakini aliyenyimwa daftari la fremu nne leo hatajifunza vipi kulinda hazina ya halmashauri kesho?

Na fursa zipo. Sheria ya nchi yetu inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa Mwislamu anayeikimbia riba, huu ni mlango wa heri. Hata hivyo, mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo kwa muda, baada ya kuonekana kasoro katika utoaji na urejeshaji wake. Kasoro za namna hiyo hazizibwi kwa hotuba. Zinazibwa na kikundi chenye katiba, andiko la mradi linaloeleweka, na mweka hazina anayeandika kila shilingi. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuwafanyia kinamama wa mtaani kwake kazi hiyo katika likizo moja.

Na hiyo Accra si mbali kama tunavyodhani. Ili bidhaa ipate nafuu ya ushuru chini ya mkataba ule, ni lazima ithibitike kuwa imezalishwa Afrika kwa kiwango kinachotakiwa. Uthibitisho huo unahitaji kumbukumbu: malighafi ilinunuliwa wapi, kwa kiasi gani, na kazi gani ilifanyika juu yake. Mama anayesindika viungo na hana hata risiti ya karafuu alizonunua hawezi kuuvuka mpaka huo, hata kama viungo vyake ni bora kuliko vya wengine.

Juu ya yote hayo ipo zaka. Mwenye duka huhesabu bidhaa alizonazo kwa bei ya siku hiyo, akajumlisha fedha taslimu na madeni anayotaraji kulipwa, akatoa anayodaiwa yeye. Kilichobaki kikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka wa Hijria ukatimia, hutoa asilimia 2.5. Asiye na daftari hukisia, na anayekisia huenda akala haki ya fukara bila kujua.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, likizo ijayo mfungulieni mtoto daftari, wa kike na wa kiume, hata kama mna haya ya yaliyomo. Nanyi wanafunzi, kaeni dukani mwezi mzima kabla ya kutoa ushauri, mkumbuke sukari ya mama yule. Na kamati za misikiti, wekeni mwanafunzi mmoja karibu na mweka hazina. Sisi tumefanya hivyo, na tunaona haya kwamba tulichelewa.

Juzi tulipita dukani kwa mama yule. Kijana amekwisha kurudi chuoni. Bei ya sukari ni ile ile. Kando ya mizani limening'inizwa daftari kwa uzi, na binti yake wa darasa la sita alikuwa akiandika deni la jirani, taratibu, huku akimsomea kila tarakimu ili athibitishe.

Wabillahi tawfiq.