Mradi wa Tarakilishi Usiwe Riwaya

Kila mwaka watahiniwa wa somo la tarakilishi katika shule zetu za upili huandika ripoti ya mradi. Ripoti hiyo huwa na mpangilio wa kupendeza: tatizo likatambuliwa, habari zikakusanywa, mfumo ukasanifiwa, programu ikaandikwa, ikajaribiwa, ikafanya kazi. Asomaye hudhani kwamba mwanafunzi alipanda ngazi pasipo kuteleza hata mara moja. Walimu wanaosimamia kazi hizo wanajua kwamba aghalabu mambo hayakuwa hivyo. Mwanafunzi alianza na programu, ikakataa. Akaigeuza, ikakataa tena. Ilipokubali ndipo akarudi nyuma kutunga mpango unaoafikiana na kile alichokwisha kukipata. Twadhani twamfunza tarakilishi, kumbe twamfunza kuandika riwaya.

Ngazi hiyo ya vitabuni huhusishwa na makala ya Mmarekani Winston Royce ya mwaka 1970. La ajabu ni kwamba Royce mwenyewe, baada ya kuchora hatua zinazofuatana, alitahadharisha kwamba kuzifuata hivyo hivyo ni kujitafutia hasara, akashauri programu mpya iundwe mara mbili: ya kwanza ya kujifunzia, ya pili ya kumkabidhi mteja. Mchoro ulienea, tahadhari ikasahauliwa.

Hebu tutazame yaliyotokea baadaye. Mnamo Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba alikuwa akiunda mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum, aliyekuwa ameunda mfumo wa Minix kwa ajili ya kufundishia, aliikosoa Linux hadharani kwamba muundo wake ulikuwa wa kizamani. Kwa kipimo cha usanifu, hoja ya profesa ilikuwa na uzito. Kundi la Richard Stallman nalo lilikuwa limeanza mwaka 1990 kuunda kiini kiitwacho Hurd, chenye usanifu uliowavutia wasomi. Hurd haijapata kuenea. Linux ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android, na kufikia Novemba 2017 tarakilishi zote 500 zilizoongoza kwa nguvu duniani zilikuwa zikiendeshwa nayo. Mwaka 2001 Torvalds alidai waziwazi kwamba Linux haikusanifiwa, bali ilikua kama viumbe hai wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi.

Hapo yafaa tuwe waangalifu, maana mwanafunzi mvivu atalidaka neno hilo kwa mikono miwili. Katika viumbe vya Darwin hakuna mwenye kuchagua. Mazingira ndiyo yanayoua na kubakiza. Katika Linux wachaguzi wapo. Maelfu ya watu huleta mageuzi, wengine wakayachunguza, na mengi yakarudishwa kwa wenyewe. Aidha, Torvalds hakuanza gizani: aliiga tabia za Unix, mfumo uliozaliwa katika maabara ya Bell mwaka 1969. Kujaribu bila kupima na kukataa si mageuko, ni kamari.

Hapa nyumbani tunao mfano ulio mifukoni mwetu. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio mwaka 2005, kwa ushirikiano na shirika la mikopo la Faulu, mpango ulikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Wateja wakaigeuza. Wengine walitumiana fedha, wengine waliweka pesa kabla ya safari wakazitoa walikofika, wafanyabiashara wakaifanya sanduku la kuhifadhia fedha za usiku. Waliosimamia jaribio walikuwa na busara ya kutazama, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Lau wangeung'ang'ania mpango wa awali kama Msahafu, tungekuwa tukisimulia habari nyingine.

Hata hivyo, yako mambo yasiyojaribiwa kwa kubahatisha. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikasambaratika katika muda usiotimia dakika moja. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vyema. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mwingine; namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na mitambo ya kuiongoza ikapotewa. Samaki aliyenenepa baharini alihamishiwa ziwani bila mtu kuyaonja maji. Penye roketi, au mashine ya hospitali ya kutibu kwa mionzi, kosa halifutwi kwa kuandika upya. Hapo mpango hutangulia, na majaribio hufanywa ardhini mpaka watu wachoke.

Pendekezo letu, basi, ni kwamba mtahini adai daftari la makosa: matoleo yaliyokataa, sababu zake, na kilichobadilishwa. Alama zitolewe kwa hayo kama zinavyotolewa kwa mchoro safi. Yupo atakayesema kwamba hata makosa yataghushiwa. Na yaghushiwe, atakayeweza kubuni makosa kumi yenye mantiki na kueleza tiba ya kila moja amekwisha kuielewa programu.

Kikwazo kikubwa kiko kwingine. Zama za kadi zilizotobolewa, mwandishi wa programu alikabidhi kadi zake na kusubiri kwa saa nyingi kujua amekosea wapi. Ndiyo maana alipanga kila kitu kwanza kwenye karatasi. Kujaribu kulikuwa ghali. Kwa shule yenye tarakilishi kumi na wanafunzi arobaini, kungali ghali vivyo hivyo. Mwanafunzi anayeigusa mashine kwa zamu katika kipindi cha dakika arobaini hawezi kukosea mara kumi, hana nafasi. Mwenzake mwenye tarakilishi nyumbani hukosea usiku kucha, na asubuhi huitwa mwenye kipaji. Wizara inapogawa mashine, na walimu wakuu wanapofunga maabara saa kumi jioni kwa kuhofia wezi, hilo ndilo la kuhesabiwa kwanza.