Uvira: Kamba nyekundu ivaliwe mkononi mwa nahodha, si kufungwa kwenye mota

Mota ya boti inatoka kiwandani na kibonye chekundu na kamba fupi iliyojikunja. Mwisho mmoja wa kamba unavaliwa na nahodha kwenye mkono. Mwisho wa pili una kipini kinachobanwa chini ya kibonye. Nahodha akianguka majini, kipini kinachomoka, umeme wa buji unakatika, mota inazimika palepale.

Wasafiri wanaopanda pale Kalundu kwenda Baraka au Kalemie waangalie mkono wa nahodha wao. Mara nyingi kamba haiko. Kipini kimefungwa kwa waya au kipande cha nailoni ili kisichomoke hata siku moja. Wengine wanauita ujanja. Ni sawa na kutoa breki kwenye gari lililojaa watu.

Manahodha wanajitetea: kamba inasumbua wakati wa kubadilisha bidoni ya esansi, tena mota ikizimika kwenye mawimbi, boti inapigwa ubavuni. Ni kweli, hatari hiyo ipo. Lakini kipini kilichochomoka kinarudishwa haraka na mota inavutwa tena. Nahodha akianguka mota ikiwaka, boti inapinda yenyewe, inazunguka, na inaweza kumrudia pale pale na helisi yake.

Mwezi wa Mei 2013, kule Padstow, Uingereza, watu 6 wa familia moja walitupwa majini. Boti iliendelea kuzunguka na kuwagonga. Baba na binti yake wa miaka 8 walikufa. Uchunguzi ulikuta kamba haikuwa imevaliwa. Marekani, tangu Aprili 2021, sheria inawalazimisha waendeshaji wa boti nyingi ndogo kuivaa.

Hapa kwetu hatari ni kubwa zaidi. Tangu Februari 2025 familia zimekimbia vita kwa njia ya ziwa, na magodoro, masufuria na watoto mgongoni. Mama aliyekimbia usiku hajui mota inazimwa namna gani. Nahodha akipotea, nani atashika usukani?

Basi wenye boti wanunue kamba; bei yake ni ndogo mbele ya safari moja ya esansi. Wawe pia na kipini cha akiba, na msaidizi aonyeshwe namna ya kukiweka, ili aweze kuwasha mota tena na kumfuata aliyeanguka. Na wakubwa wa bandari, wanaohesabu abiria na kukusanya kodi, wasiruhusu boti kuondoka kabla ya kuona kamba mkononi na mota ikizimwa kwa kuivuta.

Abiria nao waulize kabla ya kulipa: "Nahodha, kamba yako iko wapi?" Asiye na jibu asipewe pesa.