Usinipe Zimwi Nikiomba Jibu

Stephen King ni fundi, hilo halina ubishi. Ndiyo maana The Outsider, riwaya yake ya 2018, iliniudhi hivi. Nitafichua mwisho, kwa hivyo kama bado unaisoma, ishia hapa.

Mwanzo ni moto. Tuko Flint City, mji mdogo wa Oklahoma, Marekani. Mtoto ameuawa kinyama. Mashahidi wanamtaja Terry Maitland, mwalimu wa Kiingereza na kocha wa besiboli ya watoto. Alama za vidole na DNA zinakubaliana nao. Mpelelezi Ralph Anderson hamhoji kwanza. Anaagiza afungwe pingu katikati ya mechi, mkewe na mabinti zake wakitazama. Halafu video inajitokeza: Terry alikuwa mji mwingine, kwenye kongamano la walimu. Kabla kesi haijasikizwa, kakake marehemu anampiga risasi nje ya mahakama.

Manze, hadi hapo sikuwa nalala. Mtu mmoja, mahali pawili! Na kulikuwa na swali zito zaidi: mji uliomhukumu mtu kabla ya kesi utaishi vipi na damu yake?

Jibu la King? Zimwi. Kiumbe kinachomkwaruza mtu, kikachukua sura yake, kikala watoto na kushiba huzuni ya waliobaki. Tunaishia pangoni Texas, Holly Gibney akikitwanga kwa soksi iliyojaa gololi za chuma. Kwisha.

Sina shida na mazimwi. Tumelelewa na hadithi zao. Lakini kwenye ngano zetu, zimwi halimfichi mtu aliyekosa: mtoto asiyesikia huliwa kwa kutosikia kwake. Hapa zimwi linausafisha mji mzima. Ralph anajuta, ndiyo, ila majuto yake yanapata mahali pa kukimbilia, adui wa kuwinda. Na ule umati uliomzomea Terry mlangoni pa mahakama? Hakuna anayeurudia kuuliza.

Mchezo huu tunaujua hata hapa Kenya. Mtu anafanya unyama, kisha anasema ni shetani alimpitia, na sisi tunaitikia pole. Shetani haendi kortini, kwa hivyo faili inafungwa.

Kwa hivyo mwandishi, lete zimwi lako, sawa. Lakini baada ya kurasa zaidi ya 500, mjane wa Terry bado anawadai majirani zake, na hawa si mazimwi.