Mkonge na Somo la Usanisinuru

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiulizwa ni wakati gani vitundu vya jani hufunguka, hujibu bila kusita kwamba hufunguka mchana na kujifunga usiku. Jibu hilo hupewa alama zote. Lakini mwanafunzi huyo, ikiwa shule yake iko Korogwe, Muheza au Kilosa, huenda kila asubuhi hupita kando ya shamba la mkonge, mmea unaofanya kinyume kabisa cha jibu lake. Ni jambo la kusikitisha kwamba aweza kumaliza miaka minne bila kuambiwa.

Kanuni yenyewe haina kosa. Ni sahihi kwa maharage, kwa mpunga na kwa miti mingi. Kosa ni kuifundisha kama amri, ilhali ni jibu la tatizo. Ili jani litengeneze sukari kwa nguvu ya mwanga wa jua, sharti liingize kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ni haba mno: katika kila sehemu 10,000 za hewa, sehemu zake ni kama 4 tu. Huingia kwa vitundu vidogo viitwavyo stomata. Kila kitundu hulindwa na seli mbili. Zikijaa maji hupinda na kuacha mwanya, zikinywea mwanya huzibwa. Lakini mlango uingizao gesi ndio huo huo utoao mvuke wa maji, wala jani halina mlango mwingine. Mimea ya namna ya maharage hupoteza gramu 400 hadi 500 za maji kwa kila gramu 1 ya kaboni dayoksaidi inayoipata. Ya namna ya mahindi hupoteza 250 hadi 300. Ya namna ya mkonge, 50 hadi 100 tu.

Mkonge ni mzaliwa wa Mexico, nao uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Usiku, hewa ikiwa imepoa na kukauka kwake kumepungua, mmea huu hufungua stomata, huingiza gesi na kuihifadhi ndani ya seli kama asidi ya maliki. Kunapokucha vitundu hujifunga. Asidi huvunjwa, gesi hutolewa ndani kwa ndani, na usanisinuru huendelea nyuma ya mlango uliofungwa. Hila hii ina gharama yake. Ghala la asidi likishajaa, usiku uliobaki hauna faida, na mingi ya mimea ya namna hii hukua polepole.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya Chuo Kikuu. Hoja hiyo haina nguvu. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, aliyekuwa India, alieleza kwamba majani manono ya mmea mmoja yalikuwa makali kwa uchachu asubuhi, na kufikia adhuhuri uchachu umetoweka. Chombo chake kilikuwa ulimi. Watunga mitihani nao wangefanya vema kumwuliza mwanafunzi kwa nini mkonge hufungua vitundu usiku. Swali hilo lapima akili kuliko kumtaka ataje sehemu tano za jani.

Jaribio lake halihitaji fedha nyingi. Jani la nanasi, mmea mwingine wa tabia hiyo, likatwe kabla ya jua kuchomoza, na jingine la mmea huo huo likatwe saa tisa alasiri. Vipande vya uzito sawa vipondwe mara tu baada ya kukatwa, kila kimoja kwa maji ya kipimo kimoja, kisha vichujwe. Matone ya hidroksaidi ya sodiamu iliyozimuliwa, pamoja na finolfthalini, yahesabiwe mpaka rangi ya waridi itokee. Maji ya jani la alfajiri yatadai matone mengi zaidi. Mkonge nao ungefaa, ila utomvu wake huwasha ngozi.